Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Unene, Anza kwa Daktari Wako wa Karibu

Ikiwa uko jikoni, endelea na shughuli zako, lakini sikio moja liweke hapa redioni. Na ikiwa unasoma kurasa hizi baada ya kipindi, tafuta kalamu, kwa sababu kuna mambo utataka kuyaandika.

Leo tunazungumzia jambo ambalo miaka ya nyuma halikusikika sana mitaani kwetu, lakini siku hizi linatajwa harusini, saluni na ndani ya matatu. Jambo hilo ni upasuaji wa kupunguza unene. Wengine huuita kukatwa tumbo. Swali letu ni hili: mama wa Shimanzi akitaka upasuaji huu, aanzie wapi? Wengi hudhani aanzie kwa daktari mpasuaji, Nairobi au India. Sisi tunasema aanzie kwa daktari aliye karibu naye, yule anayempima presha na kuwatibu watoto wake homa. Mpasuaji utakuwa naye siku chache. Daktari wako wa karibu utakuwa naye kabla ya siku hiyo, na miaka mingi baada yake.

Tunaposema daktari wa karibu, tuna maana ya mtu wa kwanza unayemwona unapougua. Anaweza kuwa daktari wa jumla katika kliniki ya mtaani, au afisa wa kliniki katika zahanati au kituo cha afya. Muhimu ni kwamba anakujua, na ana faili yako.

Unene si uvivu

Hapa pwani mwili mnene mara nyingi umechukuliwa kuwa dalili ya raha na kutunzwa vizuri. Anayepungua huulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo mama mwenye uzito wa kupita kiasi hubeba mizigo miwili: mwili wenyewe, na maneno ya watu. Akinenepa anachekwa kwamba hawezi kufunga mdomo. Akipungua anasingiziwa maradhi.

Ukweli ni kwamba unene uliopita kiasi ni ugonjwa, kama presha ilivyo ugonjwa. Husababishwa na mambo mengi: urithi wa ukoo, vyakula, usingizi mchache, uzazi, dawa fulani, na kazi za kukaa. Wala si tatizo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila wanawake mia moja wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa hiyo ukienda kwa daktari kwa shida hii, usiingie kwa aibu.

Tumchukue mama mmoja kwa mfano. Si mtu fulani, ni mfano tu, lakini huenda ukamfahamu aliye kama yeye. Ana miaka 41 na watoto wanne. Anakaa Shimanzi, si mbali na matangi ya mafuta. Kila alfajiri anapika mahamri na mbaazi za nazi, awauzie vibarua wanaokwenda bandarini na kwenye magodauni. Ana kilo 105, na urefu wake ni mita 1.60. Ana presha na kisukari. Magoti yanamuuma. Usiku anakoroma mpaka watoto wa chumba cha pili wanaamka. Amejaribu kuacha wali, amekunywa chai za majani za kupunguza tumbo, na kila mara kilo tano zinazotoka hurudi saba. Siku moja anaingia kwa daktari wake.

"Daktari, nimechoka na mwili huu. Nataka nikatwe tumbo."

"Karibu ukae, mama. Hilo ni jambo la kuzungumza, wala usilionee haya. Kwanza nieleze, ukipungua ungependa kufanya nini ambacho leo kinakushinda?"

"Nataka nipande ngazi bila kushika ukuta, mwanangu. Nataka nimwone kitinda mimba wangu akimaliza shule."

Mama huyu ameanza vizuri. Ametaja afya yake na watoto wake, hakutaja nguo wala maneno ya shangazi. Nawe, kabla ya kwenda kwa daktari, andika sababu yako. Itakusaidia siku ngumu zitakapokuja.

Upasuaji wenyewe ni nini?

Upasuaji huu si wa kukata mafuta ya kitambi. Hugusa mfuko wa chakula ulio ndani. Kuna njia mbili zinazofanywa sana. Ya kwanza, mpasuaji hukata na kuondoa karibu sehemu nne kati ya tano za mfuko wa chakula. Unaobaki huwa mwembamba kama ndizi. Mama hushiba kwa chakula kidogo, na njaa pia hupungua, kwa sababu sehemu iliyotolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Kilichokatwa hakirudishwi.

Njia ya pili, mpasuaji hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu, kisha hukiunganisha na utumbo mdogo, ili chakula kipite kando ya mfuko mkubwa. Njia hii ilianzia kwa Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Mason alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda vya tumbo walipungua na hawakunenepa tena. Siku hizi njia zote mbili hufanywa kwa matundu madogo tumboni, bila kupasua tumbo zima.

Kwa kawaida mtu hupoteza robo ya uzito wake au zaidi kidogo, ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Mama wetu wa kilo 105 anaweza kushuka hadi karibu kilo 78. Hatakuwa mwembamba kama msichana wa miaka 18, lakini magoti yatapumua, na kisukari kinaweza kutulia kabisa. Hatari zipo. Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kutoka au kuganda, na katika vituo vyenye uzoefu hufa takriban mtu mmoja katika kila elfu moja. Tena uzito unaweza kurudi, ikiwa mama atarudia soda na vitu vitamu kila siku.

Je, unafaa kufanyiwa?

Daktari wako atagawanya uzito wako kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mama wetu, 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kilo 105 ukizigawanya kwa 2.56, unapata 41. Mtu mwenye 18.5 hadi chini ya 25 ana uzito wa kawaida. Kuanzia 25 umezidi. Kuanzia 30 ni ugonjwa wa unene. Tangu mwaka 1991 madaktari wengi walifuata mwongozo uliotaka 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya wapasuaji wa kazi hii, cha Marekani na cha kimataifa, vilibadilisha: sasa vinapendekeza upasuaji kuanzia 35 hata bila maradhi mengine, na kuufikiria kuanzia 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Kwa watu wenye asili ya Asia, ambao hapa Mombasa ni wengi, hufikiriwa kuanzia 27.5, kwa sababu kisukari huwapata mapema zaidi.

Namba pekee haitoshi. Daktari ataangalia pia kama umejaribu njia nyingine kwa dhati, na kama unaelewa kwamba utabadilisha ulaji maisha yako yote.

Kazi ya kwanza ya daktari: kutafuta sababu

Kuna mama anayenenepa kwa sababu tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri. Kuna anayenenepa kwa sababu ya dawa. Sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi huwanenepesha baadhi ya wanawake. Insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari huongeza uzito. Vidonge vya steroidi vya pumu na baridi yabisi pia, na hata mafuta ya kung'arisha ngozi yenye steroidi kali yakipakwa kwa muda mrefu. Baadhi ya dawa za akili na za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI nazo zina tabia hiyo.

Hapa nakuomba sana, mama: usiache dawa yoyote kwa sababu umesikia redioni kwamba inanenepesha. Ipeleke kwa daktari na umuulize, "Je, hii inaweza kuwa mojawapo ya sababu? Ipo nyingine ya kubadilisha?" Huenda mabadiliko ya dawa moja yakakupunguzia kilo kadhaa, na ukaenda kwa mpasuaji ukiwa salama zaidi.

Kazi ya pili: kuutayarisha mwili

Baada ya mazungumzo, daktari atakuandikia vipimo. Usione kwamba anakupotezea pesa. Kila kipimo kina sababu yake.

Atapima sukari, hasa kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita. Sukari iliyo juu huchelewesha kidonda kupona. Atapima presha, figo, ini na moyo. Atapima wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12 na vitamini D. Mama wengi waliozaa mara kadhaa wana upungufu wa damu, na ni bora kuurekebisha kabla, maana baada ya upasuaji mwili hupokea chuma kidogo zaidi. Anaweza kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo aitwaye H. pylori, ambaye huku kwetu ni wa kawaida sana, akakutibu kwanza. Anaweza kukupiga picha ya tumbo kutazama vijiwe vya nyongo.

Pwani yetu wapo wengi waliorithi selimundu, yaani siko seli. Kama kwenu kuna mtoto, ndugu au mjomba mwenye ugonjwa huo, mwambie daktari hata kama wewe hujawahi kuugua. Watu wa dawa ya usingizi wanahitaji kujua.

Halafu kuna kukoroma. Tunakucheka, lakini si mzaha. Mtu mnene anayekoroma, kisha akanyamaza kama aliyekata pumzi, kisha akashtuka akihema, huenda pumzi yake hukatika usingizini mara nyingi kila usiku. Mtu kama huyo yuko hatarini akipewa dawa ya usingizi bila maandalizi. Yeye mwenyewe hajisikii, kwa sababu amelala. Kwa hiyo wewe binti, au mume, au dada unayelala chumba kimoja naye, nenda naye kwa daktari ukaeleze ulichokisikia.

(Muziki mfupi)

Karibu tena, mpendwa msikilizaji. Tunaendelea.

Sema ukweli wote

Siku ya kumwona daktari, chukua mfuko mmoja utie kila kitu unachomeza au kupaka. Tia vidonge vya hospitali, vya duka la dawa, majani ya mganga, habat soda, chai ya kupunguza tumbo, na mafuta ya ngozi. Mwagia mezani. Daktari hawezi kukulinda na kitu asichokijua.

Dawa za maumivu ni muhimu kuzitaja. Mama wengi wenye maumivu ya magoti hununua diklofenaki au Brufen bila kuandikiwa. Baada ya upasuaji, hasa ule wa kupitisha chakula kando, dawa hizi zinaweza kutoboa kidonda ndani ya kifuko kipya. Mwombe daktari akutafutie njia nyingine mapema.

Zipo pia sindano mpya za kupunguza uzito, kama za semaglutide. Zinasaidia wengine, na huenda daktari akaona zinakufaa kabla ya kufikiria kisu. Lakini usizinunue kwa mtu wa mtandaoni. Na kama unazitumia, waambie wote watakaokulaza, kwa sababu huchelewesha chakula tumboni, na chakula kilichobaki kinaweza kuingia mapafuni wakati wa usingizi wa dawa.

Sema pia kuhusu sigara, shisha, miraa na pombe. Daktari hakuulizi ili akuhukumu. Moshi huzuia mshono kupona, na wapasuaji wengi hutaka mtu awe ameacha angalau wiki 6 kabla. Ukishindwa kuacha peke yako, sema; kuna msaada.

Na sema kuhusu moyo wako. Je, huwa unakula kwa siri usiku, ukiwa na huzuni, mpaka tumbo linauma? Je, kuna ugomvi nyumbani, au msiba usioisha? Upasuaji hupunguza mfuko wa chakula, hauondoi majonzi. Mtu mwenye shida hizi asaidiwe kwanza, kisha aendelee.

Mama na uzazi

Sikiliza hapa vizuri. Unene mkubwa hufanya baadhi ya wanawake wakose hedhi au wachelewe kushika mimba. Uzito ukishuka, uzazi hurudi, wakati mwingine kwa ghafla. Lakini mimba haifai kuingia mwili ukiwa bado unapungua kwa kasi, kwa sababu mtoto atakosa lishe. Wataalamu hushauri kungoja miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji.

Kwa hiyo panga njia ya uzazi kabla ya kusafiri. Vidonge vya kumeza huenda visitegemewe baada ya upasuaji wa kupitisha chakula kando, na vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Koili au vijiti vya mkononi havipiti tumboni, basi haviathiriwi. Zungumza na daktari na mwenzako mapema.

Na siku ukija kushika mimba, mweleze muuguzi wa kliniki ya wajawazito kwamba ulifanyiwa upasuaji huu. Kile kipimo cha kunywa maji ya sukari kinaweza kukufanya utetemeke, utokwe jasho na kuharisha. Watakupima kwa njia nyingine.

Kujizoeza kula

Wapasuaji wengi humtaka mgonjwa ale kidogo sana kwa takriban wiki mbili kabla ya siku yenyewe, bila wanga mwingi wala mafuta. Sababu yake ni ini. Kwa mtu mnene ini huwa limejaa mafuta na limefunika tumbo, na wiki hizo mbili hulipunguza ili mpasuaji apate nafasi. Lakini ukiwa unatumia dawa za kisukari, usianze kula kidogo kabla daktari wako hajapunguza dozi. Sukari inaweza kushuka mpaka ukazirai.

Anza mazoezi ya ulaji miezi kadhaa mapema. Tafuna polepole. Anza na samaki, yai, maharagwe au mtindi, kisha mboga, na wali mwisho. Usinywe maji pamoja na chakula. Ngoja nusu saa. Punguza sukari ya chai kijiko kwa kijiko. Baada ya upasuaji utaanza na vinywaji tu, kisha vyakula laini vilivyopondwa, na utarudi kwenye chakula cha kawaida baada ya wiki 6 hadi 8. Kaimati, halua, soda na juisi za sukari zinaweza kukuletea moyo kwenda mbio na tumbo kukata.

Kama hufunga Ramadhani, au una mfungo mwingine, zungumza na daktari kabla mwezi haujafika. Miezi ya kwanza kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa ni lazima, la sivyo mwili utakauka. Joto la Mombasa unalijua.

Na vitamini ni za maisha yote. Chuma, kalisiamu, vitamini B12 na vitamini D haziachwi kwa sababu umejisikia vizuri.

Nani atabaki nyumbani?

Neno hili ni kwa walezi. Mama akirudi kutoka hospitalini hatabeba mzigo mzito kwa takriban wiki 4 hadi 6. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20, na mtoto wa miaka mitatu hakosi kilo 13. Nani atapokea maji ya mkokoteni? Nani atamwogesha mdogo? Nani atakanda unga alfajiri, ikiwa biashara ni mahamri? Kaeni chini mpange kabla ya tarehe kuwekwa. Na mkimpikia, msimlazimishe kumaliza sahani kwa ajili ya heshima. Vijiko vitatu kwake ni chakula kamili.

Karatasi na pesa

Upasuaji huu hufanywa katika hospitali kubwa zenye timu kamili, nyingi zikiwa Nairobi, na wapo wanaosafiri hadi India. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Ukirudi nyumbani ukapatwa na shida usiku wa manane, aliyekushona yuko mbali.

Ndiyo maana karatasi ni muhimu. Ukienda, daktari wako akupe barua ya rufaa yenye maradhi yako, dawa zako, majibu ya vipimo na namba yake ya simu. Ukirudi, usiondoke hospitalini bila barua inayoeleza aina ya upasuaji, tarehe, dawa ulizopewa, lini urudi, na namba ya kumpigia mpasuaji. Toa nakala mbili. Moja mpe daktari wako, nyingine weka mahali ambapo watoto wanapajua.

Kuhusu malipo, usiamini maneno ya mtaani. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na bima za kazini zina masharti yake. Kabla ya kuuza dhahabu au kuchukua mkopo wa chama, uliza bima yako na hospitali kwa maandishi. Uliza bei nzima: vipimo, kulazwa, vitamini za kila mwezi, na safari za kurudi kuonwa. Uliza pia mpasuaji amefanya upasuaji huu mara ngapi, na nani atakuona likitokea tatizo. Hayo ni maswali ya haki. Daktari mzuri hakasiriki.

Ukisharudi

Njiani usikae kitako saa zote. Kwenye treni simama utembee. Kwenye basi nyoosha miguu na ushuke kila linaposimama, kwa sababu damu huganda miguuni kwa urahisi wiki hizo.

Wiki ya kwanza nenda kwa daktari wako hata kama hujisikii vibaya. Kisukari kinaweza kushuka ndani ya siku chache tu, kabla hata uzito haujapungua, na presha hufuata. Mama akiendelea na dozi zile za zamani anaweza kuanguka. Daktari wa karibu ndiye atakayezipunguza hatua kwa hatua. Hata mhudumu wa afya wa jamii anaweza kusaidia kukupima nyumbani, maana tangu 2023 wengi wamepewa mikoba yenye mashine za presha na sukari.

Nenda hospitalini mara moja, usingoje asubuhi, ukiona mojawapo ya haya: moyo kwenda mbio bila sababu, homa, maumivu makali ya tumbo au bega, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kinyesi cheusi kama lami, au kutapika kusikokoma.

Kuhusu kutapika nina neno moja la kukumbuka. Aliyefanyiwa upasuaji huu akitapika siku nyingi huishiwa vitamini B1. Akitundikiwa maji ya glukosi bila kupewa vitamini hiyo kwanza, ubongo unaweza kudhurika. Kwa hiyo mlezi unayempeleka, usiseme tu "anatapika". Sema, "Alipunguzwa mfuko wa chakula tarehe fulani, barua yake hii hapa, tafadhali mkumbuke vitamini B1." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa akili ya mama yako.

Kumbuka

Mpendwa mama, turudi kwa yule muuza mahamri wetu. Daktari wake hakumwambia ndiyo wala hapana siku ile. Alimpima, akambadilishia dawa moja, akampa miezi minne ya kujitayarisha, akamtaka aje na binti yake safari ijayo. Mama alitoka akinung'unika kidogo, maana alitaka haraka. Lakini miezi ile minne ndiyo itakayomfikisha mezani akiwa na damu ya kutosha, sukari iliyotulia, na mtu wa kumpokea atakaporudi Shimanzi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Sababu yako ya kutaka kupungua ni ipi? Iandike kwa mstari mmoja.
2. Ni dawa, majani na mafuta gani utakayotia ndani ya mfuko wa kumpelekea daktari?
3. Nani ndani ya nyumba anajua jinsi unavyolala usiku, na atakwenda nawe?
4. Nani atabeba maji na kuwatunza watoto kwa wiki sita?
5. Barua za hospitali zitawekwa wapi?

Tumefika mwisho wa mazungumzo yetu ya leo. Ukimjua mama anayepanga jambo hili kimya kimya, mpe kijitabu hiki asome. Mpaka tukutane tena, nakutakia afya njema wewe na wote unaowalea. Kwaheri.